Kona ya Mufereji ya Mvula

Alhamisi, 4 desemba 1975

Bila miye, avenue yetu yote hapa Ruashi itaendelea kunywa matope. Hata ku kampani ya shaba, géomètre hakuwa anapima kitu bila miye. Nilikuwa nashika muti yake ya kupimia, ile ya nyekundu na nyeupe. Bila muti, géomètre ni kofia tu!

Mvula kubwa iko njiani. Kila mwaka mayi yake inashuka kutoka juu na uchafu ya vyoo na ya soko, inaingia mu kisima yetu. Kisima ni moya tu. Ikichafuka, bamama batarudi kutembea saa nzima mpaka ku bomba. Dada yangu Alima, niko naishi kwake, alisema miguu yake haiwezi tena. Nilimujibu alale, kaka yake iko. Alicheka. Atajuta.

Chef de quartier, mukubwa wa mutaa wetu, citoyen Mwenze, anatafuta muntu wa kuchora mufereji ya salongo, ile kazi ya bote ya Jumamosi. Nilimuambia niko ingénieur. Jirani Kapya, fundi wa matofali, alikohoa. Wivu!

Jumamosi, 6 desemba

Salongo! Avenue nzima na majembe. Kapya alitaka mufereji inyooke, ipite mbali na kisima, ishuke mpaka mu matete kule chini. Eti matete inakamata uchafu. Kunyoosha kamba, nani hawezi? Miye niliweka kona, mbele ya mulango ya mama Feza, mujane mwenye kupika munkoyo, kinywaji ya mahindi. Kapya aliuliza: kona ya nini? Nilimujibu chini kuko jiwe kubwa, niliisikia kwa nyayo. Bote balirudi ku majembe. Elimu!

Ingénieur hachimbi. Nilisimamia kazi nikikaa pale ku kona, kikombe ya munkoyo mu mukono. Mawingu yalipita juu ya cheminée ya moshi ya kampani pole pole, kama bamama banatoka ku misa. Niliona mayi ikitembea mu mufereji yangu, na majani, na vipepeo, na jina yangu juu ya kibao. Nilifumba macho kidogo. Hesabu tu.

Jumanne, 9 desemba

Mvula! Nilisimama chini ya bati, nasikiliza. Mayi ilikuja ikiimba, nyekundu, muzuri sana. Ikafika ku kona. Haikugeuka. Iliruka ukingo, ikatelemuka mpaka mu kisima kama muntu anarudi kwake.

Mangaribi mama Feza alikuja na kikombe, mbele ya bantu bote. Munkoyo rangi ya tofali. Alisema: "Ingénieur, onja kazi yako." Nilionja. Muchanga. Na kitu kingine sitaandika.

Alima alibeba ndoo, akaenda ku bomba. Alirudi giza imeingia, akakaa chini, akajikanda miguu. Heri angenitukana.

Jumamosi, 13 desemba

Salongo tena. Mwenze alimupa Kapya kamba. Miye balinitelemusha mu kisima na ndoo, niikaushe mpaka mayi chafu yote ikwishe. Miye! Ingénieur!

Lakini kule chini, baridi, kimya. Mbingu iko kama sahani ndogo ya bluu. Mayi mupya inatoka ukutani tone, tone, kama iko inakumbuka kitu. Ningebaki kule.

Mara nikasikia kicheko juu. Kapya alipitisha mufereji pale pale penye kona, akanyoosha, jembe haikugonga kitu. Mama Feza aliinama juu ya kisima, akaniita: "Kaka Yuma! Jiwe yako ilienda congé, itarudi kazini lini?"

Nilijifanya sisikii, eti ndoo inapiga kelele.

Kisha Kapya alijenga mudomo ya kisima na matofali, mpaka magoti.

Jumatatu, 15 desemba

Mvula kubwa ya asubuhi. Mayi ilinyooka mpaka mu matete, ikalala pale, ikaacha takataka yake. Kisima safi. Alima alikunywa kikombe nzima, macho amefumba. Nilimuambia ni kona yangu njo iliwafundisha bantu kunyoosha. Alinipa ndoo nikaijaze.

Sasa mufereji inakosa daraja. Nimeshamuandikia Mwenze. Daraja lazima ikae mbele ya mulango ya mama Feza, na ingénieur aisimamie pale pale. Chini kuko jiwe kubwa ya kuibeba. Niliisikia kwa nyayo.

Jiwe ile ya kwanza, lakini, ukweli ya hapa mu daftari tu: hakukuwa jiwe. Kulikuwa mama Feza.