Aliyenikimbilia Menengai

Jumatatu, 8 Septemba

Kisigino. Tena! Nimeshuka kitandani nikahisi nimekanyaga msumari wa moto. Nikapiga kelele. Jepleting, mke wangu, akauliza bila kufumbua macho kama ni nyoka. Nikamwambia ni mazoezi ya mbio. Akasema afadhali nyoka, huuma mara moja akaenda zake.

Nimekwenda kwa Malak, yule binti wa Bondeni anayekanda wanariadha. Amenibonyeza kwa kidole gumba hadi machozi yakanitoka. Amesema utando wa chini ya unyayo umechanika, nipumzike wiki sita. Nikamkumbusha mbio ni Jumapili. Akasema vizuri, Jumapili nikae nizitazame.

Msichana mzuri. Hajui shida zangu.

Shida yangu ni Mwaura. Ana bucha, na tumepanga vyumba vya nyuma kwenye ploti moja hapa Milimani, ukuta mmoja kati yetu. Miaka miwili iliyopita hakuweza kuinama akafunga kamba za viatu vyake. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye klabu ya mbio, angalau nipate mtu wa kumshinda. Kosa! Sasa ananipita kwenye kila mlima, na akinipita husema, "Pole pole, jirani."

Mimi! Bethwel Cheruiyot! Mtu akisikia jina hilo, la mabingwa wa mbio, anadhani nilizaliwa na viatu vya mbio miguuni. Kumbe ni mwalimu wa udereva. Kazi yangu ni kuketi.

Mwezi uliopita tuliwekeana ahadi mbele ya klabu nzima. Atakayeshindwa kwenye Mbio za Ukingo atasimama atangaze kwamba yeye si mkimbiaji na hajawahi kuwa. Wazo lilikuwa langu.

Mpango: kesho alfajiri napanda mlima Menengai peke yangu, nikimbie kwa vidole tu. Kisigino hakitagusa ardhi. Paka hukimbia hivyo na hajawahi kwenda kwa Malak.

Jumanne, 9 Septemba

Vidole vimekataa. Sasa naumwa mbele na nyuma.

Ukungu ulikuwa mzito ajabu. Ukingoni mwa kreta mikaratusi ilikuwa mashina matupu, vichwa vimemezwa. Vibanda vya vinyago vimefungwa. Kule chini shimoni mvuke unatoka kwenye mawe, na harufu yake kama yai bovu.

Nilikuwa nimeshika mti nikipumua nikasikia hatua nyuma yangu. Mtu anakimbia, mguu mmoja mzito kuliko mwingine. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikatembea, zikatembea. Nikasimama, zikasimama. Nikajua ni Mwaura amekuja kunipeleleza. Nikamwita kwa jina. Nikamtukana. 

Halafu akatokea mbele yangu. Si nyuma. Mbele.

Si Mwaura. Mwanamume wa kimo changu, kofia ya jaketi imemfunika mpaka puani. Nikamsalimia, "Sasa, boss." Akajibu polepole, kama mtu anayeonja chakula asichokijua: "Sasa, boss."

Nikamweleza habari za kisigino. Nikamweleza na za Mwaura. Sijui kwa nini. Ni msikilizaji mzuri, hakunikatiza hata mara moja. Nikamwuliza jina. Akasema bado hana.

Nilicheka! Watu wa Nakuru na mizaha yao.

Kisha akateremka mbio kwenye mawe, ndani ya ukungu mtupu, bila kuteleza. Mkimbiaji hasa. Nikatafuta alama zake kwenye tope. Nikaziona za viatu vyangu tu, zinateremka. Lakini mimi sikuteremka. Bila shaka tumenunua mtumba wa robota moja.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango mpya. Mkubwa! Kwa nini nikimbie mimi wakati kuna mtu wa kimo changu anayekimbia hivyo? Atavaa namba yangu. Avute kofia usoni. Akishamaliza, aje nyuma ya tangi la maji uwanjani, tubadilishane fulana, mimi nitoke nikipokea pongezi.

Nilimkuta pale pale, kana kwamba hakuwa ameondoka. Leo kofia ameishusha kidogo. Uso wake si mgeni kwangu. Labda ni mwanafunzi wangu wa zamani, mmoja wa wale waliofeli.

Amekubali kabla sijamaliza kueleza. Malipo hataki. Anataka namba, fulana, viatu, na niseme kwa kinywa changu kwamba nimempa. Rahisi! Akaniuliza nani ananingoja nyumbani. Mke wangu ananiita nani tukiwa wawili. Nalalia upande gani. Chai napenda na majani mengi au machache. Nimemjibu yote. Mtu makini sana, anataka kazi itoke safi.

Jioni mama amenipigia kutoka Subukia. Nikamdokezea kwamba nafanyia mazoezi Menengai. Hakupenda. Alisema walipokuwa wasichana waliambiwa kwamba mtu wa ukunguni akikuuliza jina, usimpe. Nikamtuliza. Nikamwambia huyu wangu hakuniuliza, mimi ndiye niliyemwuliza.

Mama akauliza:

"Na alikujibu nini, Bethwel?"

Salio likaisha. Lilikuwa lake, si langu. Nimeona si lazima kumpigia. Wazee huchukulia mambo kwa uzito.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemkabidhi vitu asubuhi, ukingoni. Alivua jaketi akavaa fulana yangu.

Nakiri nilishtuka kidogo. Nina kovu kwenye nyusi, mwanafunzi alinifungulia mlango wa gari usoni. Na yeye analo! Nikamwuliza limetoka wapi. Akasema alipigwa na mlango wa gari. Dunia ni ndogo kweli.

Nikasema, "Nimekupa."

Papo hapo kisigino kikaacha kuuma. Kama taa imezimwa. Na yeye akachechemea, hatua moja, ya pili, kisha akanyooka na kutabasamu. Meno yake sikuyapenda. Yana pengo kushoto, kama yangu.

Nimeshuka pekupeku. Nilisimamisha boda kwa mikono miwili. Imenipita bila hata kupunguza mwendo. Nimefika nyumbani magharibi. Kamanda, mbwa tuliyemlea tangu mtoto, amenibwekea langoni na manyoya ya mgongo yamemsimama. Jepleting ametoka kuangalia kuna nini, akamwambia mbwa, "Nyamaza, hakuna mtu." Nilikuwa karibu na ua. Giza lilishaanza.

Nililala sebuleni ili nisimsumbue.

Jumapili, 14 Septemba

TUMESHINDA! Yaani yeye. Yaani mimi.

Nilijificha nyuma ya tangi, nikichungulia kwenye tundu la mabati. Mwaura aliingia uwanjani kwanza, uso mwekundu kama nyama zake. Nyuma yake mimi. Nilikimbia vizuri ajabu! Hatua ndefu, mabega yametulia. Hakuvuta kofia usoni hata kidogo. Hakuhitaji. Alipomfikia Mwaura kwenye kona ya mwisho nilimsikia akisema, "Pole pole, jirani."

Maneno hayo mimi sikumfundisha.

Klabu ilimbeba juu juu. Jepleting alikuwepo! Miaka yote hajawahi kuja kunitazama nikikimbia, na leo amekuja, na amemkumbatia. Nikangoja nyuma ya tangi. Nikapiga mluzi kama tulivyokubaliana. Akageuza kichwa, akanitazama moja kwa moja kwenye tundu, kisha akageukia watu wake.

Mwaura alisimama kutangaza. Siku niliyoiota! Alisema yeye si mkimbiaji. Kabla hajamaliza, yule mtu akamshika bega na kuwaambia watu kwamba Mwaura ni mkimbiaji na ni jirani mwema, na kwamba yeye mwenyewe asingefika hapa bila Mwaura. Watu wakapiga makofi. Mwaura akalia.

Nani alimruhusu? Huo ni utovu wa nidhamu.

Nilikwenda nyumbani kudai vitu vyangu. Dirishani nikawaona wanakula. Anamwuliza Jepleting hali ya mama yake, na Jepleting anacheka kwa mshangao, anamwambia tangu waoane ni mara ya kwanza amemwuliza. Akamshika mikono. Nikasikia akisema, "Mbona baridi hivi, Beth?" Akaisugua kati ya mikono yake. Kamanda alikuwa amelala kwenye viatu vyangu, na viatu vyangu vilikuwa miguuni kwa yule.

Nikabisha. Nikabisha tena. Hawakusikia. Televisheni ilikuwa na sauti kubwa, nadhani.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimelala kiti cha nyuma cha gari la shule ya udereva. Mlango wake haujawahi kufungika vizuri. Nimeamka gari likitembea!

Mbele, Chepkurui, mwanafunzi ambaye kwa mwezi mzima ameshindwa kuliingiza gari kinyumenyume. Kando yake, yeye, na koti langu la kazi. Anafundisha. Kwa upole. Chepkurui ameliingiza gari mara ya kwanza bila kugusa ukuta! Kisha akatetemeka akasema kuna baridi inatoka nyuma, akataka kugeuka.

"Usiangalie nyuma," akamwambia. "Angalia mbele tu."

Lakini yeye aliniangalia, kwenye kioo.

Chepkurui aliposhuka, nikasema wazi: mbio zimekwisha, nirudishie vitu vyangu. Akanijibu kwa adabu kabisa, kwa sauti ninayoisikia nikijirekodi kwenye simu.

"Si ulisema umenipa?"

Nikasema nilimpa namba. Akasema hakumbuki kusikia neno namba. Nikafikiri. Kweli sikulitaja. Nimekupa, basi. Sarufi imeniponza!

Hata hivyo nimelipima jambo hili kwa utulivu. Yeye anakwenda kazini. Yeye anavumilia wanafunzi. Jumamosi kuna harambee ya wakwe zangu, na atakwenda yeye! Mimi nimelala. Sasa aliyepunjwa hapa ni nani?

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda langoni mchana, nikijua yule yupo ndani. Nilitaka tu kumwona Jepleting. Amefungua kidogo. Akanitazama. Sioni njia ya kueleza alivyonitazama. Kama mtu anayeangalia kiti kitupu akisikia kinalia.

"Boss, unatafuta nani?"

Nikamkonyeza. Nikadhani ameambiwa siri na anaigiza, na anaigiza vizuri mno. Nikamwambia kwa sauti ya chini ni mimi. Akashika komeo.

"Mbona una sauti ya bwanangu?"

Nikataka kumwambia jina lile analoniita tukiwa wawili tu. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Halikutoka. Si kwamba niliogopa. Halikuwepo. Nimelitafuta kutwa nzima, na hata sasa ninapoandika silipati.

Yule akatoka nyuma yake akamwekea mkono begani, na Jepleting akaruka kama aliyemwagiwa maji. Akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Akamtazama yeye tena. Macho yakamjaa machozi. Kisha akafunga lango polepole, na nikasikia komeo likipita, na nyuma ya komeo nikamsikia bado amesimama, haondoki.

Na mimi sikuondoka. Kila mmoja upande wake. Mpaka akaitwa ndani kwa chai.

Nimefuta macho njia nzima. Ukungu, nadhani. Siku hizi unashuka mpaka Milimani.

Jumapili, 21 Septemba

Mambo yananyooka! Nimehamia ukingoni, kwenye kibanda kimoja cha vinyago kilichoachwa. Kimya, hewa safi. Kisigino hakiumi kabisa. Kwa kweli sihisi hata ardhi. Njaa sisikii. Kalamu tu ndiyo imekuwa nzito, naishika kwa mikono miwili.

Nimekaa nikapanga. Mwezi ujao klabu inachagua mwenyekiti. Namwacha agombee, maana watu wanampenda. Desemba kuna mbio za Naivasha. Namwacha akimbie na hizo. Nikishakuwa mwenyekiti na bingwa mara mbili, ndipo nitamwomba turudishiane. Ni kumwomba tu! Mtu aliyemtetea Mwaura mbele ya klabu nzima hawezi kukosa huruma kwangu. Ila safari hii nitachagua maneno vizuri.

Asubuhi wamepita hapa wakikimbia, yeye na Mwaura bega kwa bega, wanacheka. Nikasimama kando ya njia, hatua chache tu kutoka kwao, nikawapungia mkono. Yeye hakugeuka. Mwaura aligeuka. Akakaza macho pale pale niliposimama, akajikunja kwa baridi, akamwambia mwenzake waongeze mwendo, ukungu wa leo ni mzito mahali hapa.

Ukungu! Na jua linawaka, kreta yote inaonekana mpaka ng'ambo!

Kwa hiyo macho ya Mwaura yameanza kuharibika. Habari njema kuliko zote za wiki hii. Naivasha tutammaliza.