Mihogo ya Kunifupisha

Jumatatu, 12 Mei
Mimi Gentille, miaka kumi na tano, nimempita mwalimu wetu wa kwaya kwa urefu! Leo Déogratias, ndiye mwalimu, amenipanga tena nyuma, katikati ya wavulana wa sauti nene. Mwenzangu Tania yuko mbele, kadogo, kazuri, mji mzima wa Baraka unamwona. Na Jumapili tunapigwa picha. Wazo likanijia katikati ya wimbo: kitu kikilemewa, kinashuka. Godoro letu ni ushahidi. Kesho naanza kubeba mihogo kichwani.

Jumanne, 13 Mei
Nimebeba beseni zima toka shambani, njia ya Mboko, mpaka nyumbani. Kisha nikabeba la jirani. Mama haamini macho yake. Amewatangazia bamama wote sokoni kwamba Mungu amenigeuza. Nimejipima mlangoni. Bado. Lakini nadhani shingo imeanza kuzama!

Alhamisi, 15 Mei
Balaa! Shingo haigeuki. Nikiitwa, nageuka mwili mzima kama lori. Shuleni wanasema naringa. Hata ndagala, visamaki ninavyovipenda, sikugusa. Nimejifungia chooni nikalia. Mfupa umevunjika, nitabaki hivi: mrefu, tena mkavu kama mti.

Ijumaa, 16 Mei
Mama amenipeleka kituo cha afya. Muuguzi, Mama Solange, akanibonyezabonyeza, akauliza mzigo wote ule ulikuwa wa nini. Nikamweleza. Hakucheka. Alikohoa tu, muda mrefu.
“Mutoto yangu, mifupa iko mizima. Ni misuli tu imechoka. Sasa niambie, nani alikuambia uko mubaya?”
Nikatafuta jina. Wapi! Hakuna aliyewahi kusema. Ni mimi mwenyewe!
Nilitoka pale mwepesi kama nimeshushwa mzigo. Mama hakunigombeza. Alinishika mkono njia nzima, kama zamani nikiwa mdogo.

Jumamosi, 17 Mei
Tania amekuja kunipa pole. Akauliza imekuwaje. Nikamwambia ukweli, liwalo na liwe. Akaketi chini kwanza. Kumbe yeye kila asubuhi ananing'inia kwenye boriti ya paa ili arefuke! Viganja vimechubuka vyote. Anasema anawekwa mbele kwa sababu nyuma hata nywele zake hazionekani. Na ananionea wivu, mimi! Tumecheka mpaka shingo ikalegea.

Jumapili, 18 Mei
Picha imepigwa. Nimesimama wima, bila kukunja magoti. Raha iliyoje! Sitajisumbua tena na mwili huu, nimeapa.
Baada ya ibada Déogratias akatuonyesha picha kwenye simu. Urefu wangu, mzuri kabisa. Lakini masikio! Toka lini nina masikio haya? Tania akayakagua kwa makini, akasema hata yake yanatia wasiwasi. Tumechana kitenge kikuukuu, kila mtu na kipande chake. Kuanzia leo tunalala tumefunga kichwa, masikio ndani. Lazima tukaze sana.