Chokaa kwenye Mlima wa Mwanakhamis

Jumatatu, tarehe 4 Aprili 1960

Leo nimekuwa mtu mwenye siri. Raha yake siwezi kuieleza.

Bwana Shamba Khatib kaja asubuhi na baskeli yake, kaiacha chini, kapanda kwa miguu mlima wa marehemu mkwe wangu. Nikamfuata. Kachimba shimo katikati ya msitu mpaka likamfika mabegani, na jembe halikugonga jiwe hata moja. Juu majani yaliyooza, meusi, kina cha vidole viwili. Chini yake udongo wa kahawia, halafu wa manjano wenye wekundu, unakwenda tu, mwisho hauna. Kaufinya mkononi, ukashikana. Kaugusa kwa kidole, ukamomonyoka. Kamwaga kata ya maji, yakanywewa papo hapo. Akasema huu ni kichanga kilichochanganyika na udongo laini, una kina, na ni mchachu kwa sababu ya majani ya msitu yanayooza juu yake miaka nenda miaka rudi.

Nikamwuliza kama uchachu si ubovu. Akacheka. Akasema mkarafuu unautaka huohuo, na mizizi yake haipendi kusimama majini wala kugonga mawe. Jumanne ijayo atarudi na kichupa chake cha dawa kuupima uchachu, na ukiwa sawa ataandika mlima upewe miche mia mbili ya serikali.

Aliyesikia ni mimi peke yangu.

Sasa, mlima bado hauna mwenyewe. Mkwe kabla ya kufa aliwapa binti zake pande mbili: mlima huu, na uwanda wa mawe kule Vitongoji wenye minazi kidogo. Alisema wagawane wenyewe. Watagawana Alhamisi ya wiki ijayo, mbele ya ami yao Mzee Jaribu. Mke wangu Mwanakhamis anautaka mlima. Kaniambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, na yeye si mtu wa kuomba. Ndiye aliyemwuguza baba yake. Mpaka leo kila asubuhi anapanda kule na ndoo ya maji. Sijamwuliza anakwenda kufanya nini. Mambo ya mtu na marehemu baba yake.

Upande wa pili yuko dada yake, Moza, na nyuma ya Moza yuko mumewe Ahmada, mwanyumba wangu. Ahmada ana ngarawa, ana nyumba ya bati, ana meno yote. Akijua habari za udongo huu, basi tena. Na keshasema Jumapili atakwenda kuutazama mlima.

Hatajua. Nimeapa.

Jumatano, tarehe 6 Aprili

Fikra imenijia nikila muhogo. Ahmada atalitazama lile shimo. Hakuna mtu anayepita penye shimo asichungulie. Basi shimo liseme uongo. Nikilijaza mawe nusu, nikayafunika na udongo kidogo, atachokoa na fimbo, atagonga jiwe, ataona mlima ni ganda tu juu ya mwamba. Atautaka uwanda. Jumatatu nayatoa mawe yangu. Jumanne Bwana Shamba anakuta shimo lake kama alivyoliacha. Nimejipa mkono mwenyewe.

Nimeazima punda, nimekwenda Vitongoji kutafuta mawe ya pwani. Jiwe la kwanza nimelinyanyua, kiuno kikalia. Nimekaa juu yake kutafakari. Hapo karibu pana tanuu la chokaa la Ame, na pembeni ya tanuu rundo la mawe yaliyokwisha kuchomwa, meupe, na mepesi ajabu. Nimemwuliza. Kasema ni masazo, nichukue nitakavyo, ila yasipate maji. Kaniuliza ya nini. Nikasema ya choo. Akarudia kuwa yasipate maji. Mtu akikaa sana penye tanuu anakuwa mwingi wa maneno.

Magunia manne. Punda kaniangalia vibaya, lakini kabeba.

Ijumaa, tarehe 8 Aprili

Nimeikosa sala ya Ijumaa. Mungu anisamehe. Ndiyo saa pekee ambayo hakuna mwanamume njiani.

Mwanakhamis nilimwambia tumbo linanisokota. Amefunga, yumo katika siku sita zake za sunna za mfunguo mosi, baada ya Ramadhani, lakini kakaa motoni kunipikia uji mwepesi, kauweka karibu yangu na kawa juu yake, ndipo akatoka kwenda kwa jirani. Nikaunywa harakaharaka, nikatoka mbio na pakacha. Njia nzima ule uji umenikaa kifuani. Mwanamke ana njaa, ananipikia mimi mwongo. Nilitaka kurudi. Kisha nikakumbuka meno ya Ahmada.

Safari saba kutoka chini mpaka shimoni. Mawe yamekaa vizuri, udongo juu umekaa vizuri. Msuli niliojifunga umekuwa mweupe mpaka kiunoni. Nimeufua mwenyewe, jambo ambalo lilimshangaza Mwanakhamis kuliko ugonjwa.

Jioni Ahmada kaleta pweza. Kasikia naumwa. Kasema supu yake inarudisha nguvu. Nimeinywa kwa tahadhari. Mtu hakuletei pweza bure.

Jumapili, tarehe 10 Aprili

Mchana: Ushindi! Ahmada kapanda mlima, mimi nyuma yake. Kachungulia shimo. Kachokoa na fimbo. Ngo. Kachokoa pengine. Ngo. Kanitazama kwa huruma, akasema maskini, hapa pana kazi. Nikatikisa kichwa kama mfiwa. Tukashuka. Njiani aliniuliza mambo ya mashoka na mapanga, nikajibu ovyo, furaha ilinijaa mdomoni.

Alasiri: Mvua. Masika yamefungua mlango mara moja. Nimekaa barazani namhesabu Ahmada kuwa keshashindwa. Ndipo jirani akapita mbio akisema mlima wa marehemu unatoa moshi.

Nikatoka. Kweli. Moshi mweupe unapanda kutoka msituni, katikati ya mvua, wima. Nimepanda mpaka nikasikia. Shimo linachemka. Linatoa sauti ya mafuta ya kukaangia, na udongo wa juu unapasuka na kuvimba, na maji meupe yanafurika na kushuka bondeni kama tui. Nikamkumbuka Ame na maneno yake mawili. Alinionya mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nikimtazama punda.

Jumatatu, tarehe 11 Aprili

Ndiyo siku niliyopanga kutoa mawe. Alfajiri nimekwenda na jembe. Hakuna mawe tena. Pana uji mweupe, moto. Nimetia mkono. Ngozi ya vidole vitatu imebaki humo.

Kabla sijapata akili, watu wakaanza kuja. Nusu ya kiambo. Mzee Jaribu kasema huenda marehemu ndugu yake hakuridhika na jambo, kaagiza ubani na kisomo. Kwa kuwa mimi ni mkwe, nikapewa heshima ya kukaa karibu kabisa na shimo. Nimesomewa Yasini nikiwa nimeficha mkono kwenye koti, machozi yananitoka, watu wakasema Pandu alimpenda sana mkwewe.

Nilimpenda kweli. Aliniozesha binti yake nikiwa sina kitu, na hakunikumbusha hata siku moja. Hilo ndilo lililonitoa machozi zaidi kuliko vidole.

Mwanakhamis hakulia. Alitazama maji meupe yalikopita, kisha akanitazama mimi, kisha koti langu. Akashuka upande wa chini wa mlima peke yake.

Jumanne, tarehe 12 Aprili

Siku mbaya kuliko zote. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Bwana Shamba kaja na kichupa. Kapanda, kaona shimo, kainama. Kachukua udongo wa ukingoni, katia dawa yake. Alinieleza siku ile kwamba udongo mchachu hugeuza maji rangi ya chungwa. Yakageuka buluu, kama wino wa skuli. Akachukua kidogo cha ule weupe, akausugua kwa vidole, akasema hii chokaa, na chokaa haipandi mlima peke yake. Nikasema ajabu. Akasema chokaa inaua uchachu wote ambao msitu umeukusanya tangu enzi. Mlima hauna kasoro, akasema, kasoro anayo mtu. Yeye ana milima mingi ya kutazama na hana muda wa watu wanaochezea kazi yake. Kaufuta mlima kwenye daftari. Labda mwaka kesho. Kapanda baskeli, kaenda zake ofisini Wesha.

Nikashuka upande wa chini, alikoshuka Mwanakhamis jana. Nilitaka tu mahali pa kujificha. Hatua ishirini chini ya shimo, kwenye kivuli, nimekuta kitalu. Kimejengwa vizuri, kimefunikwa makuti. Miche ya mikarafuu, arubaini na ushei, ya kimo cha kiganja. Na juu ya yote ukoko mweupe. Majani yamekunjamana na kuwa ya kahawia.

Hiyo ndiyo ndoo ya kila asubuhi. Mwaka mzima mke wangu amepanda na ndoo mbele ya macho yangu, na sikumwuliza.

Alhamisi, tarehe 14 Aprili

Mgawanyo. Kwa Mzee Jaribu, juu ya mkeka, kahawa na haluwa. Nilikuwa na hotuba kichwani, sikupewa nafasi ya kuitoa.

Moza kaanza yeye. Kasema hakuna cha kugawana. Mlima ni wa mdogo wake, aliyemwuguza baba, na hilo alilijua tangu siku ya maziko. Ahmada kasema yeye magoti yake hayapandi mlima, anataka uwanda wa Vitongoji akaushie nyavu na kufanyia ngarawa matengenezo. Jumapili alikwenda mlimani kutazama msitu unahitaji watu wangapi, maana alitaka kuwaleta wavuvi wenzake watusaidie kusafisha. Alipoona mawe alituonea huruma, akaongeza idadi ya watu.

Nikaikumbuka ile supu ya pweza. Nilitamani mkeka unimeze.

Ami akauliza kama kuna mwenye neno. Mwanakhamis kasema hana, anashukuru. Mlima ukawa wake kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa. Sikuwa na haja ya kufanya chochote. Laiti ningekaa barazani wiki nzima nikakuna mguu, leo tungekuwa na mlima, na miche ya serikali, na miche yake.

Njiani kurudi ndipo aliposema. Ile mbegu waliipanda pamoja na baba yake, mwaka jana, kutoka kwenye mkarafuu wake wa zamani uliokufa. Mzee hakuweza tena kuinama, akawa anaelekeza kwa fimbo, yeye anachimba. Alitaka kunionyesha Alhamisi hii, mlima ukishakuwa wetu. Kisha kasema chokaa ilikuwa kwenye msuli wangu, na kwenye masikio yangu pia, kwani masikio sikuyafua.

Hakunigombeza. Ningemshukuru lau angenigombeza.

Jumapili, tarehe 17 Aprili

Mitatu imepona. Ilikuwa ukingoni, maji meupe hayakuifika sana. Mwanakhamis kaing'oa na udongo wake, kaipanda kwenye makopo matatu ya samli, kwa udongo aliouchota juu kabisa ya mlima, penye uchachu wake wa asili. Ameiweka uani chini ya kivuli. Ndiyo yote iliyobaki ya mkono wa baba yake.

Jana kaniita, kanikalisha mbele ya makopo. Kasema kanisamehe. Kasema ana ombi moja tu katika dunia hii: nisiiguse. Nisiimwagilie, nisiisogeze, nisiwe na fikra yoyote juu yake. Nimelia. Nimeapa kwa haki ya uji ule wa Ijumaa. Tangu leo mimi ni mtu mwingine, na naliandika hili ili lishuhudiwe.

Leo asubuhi kaenda kwa Moza. Nimekaa na miche, natazama tu, mikono nyuma. Imepooza kidogo. Nikawaza, mizizi ilitoka penye chokaa, lazima imebakiwa na kidogo. Na Bwana Shamba mwenyewe alisema mkarafuu unataka uchachu. Hiyo si fikra yangu, ni ya ofisi. Nikaenda dukani kwa Esmail kuuliza, kuuliza tu, kama ana siki. Anayo.

Kijiko kimoja kila kopo. Basi, viwili. Akirudi aikute imechangamka, na sitasema neno, nitamwacha afurahi mwenyewe.

Nimeshaitilia. Ua wote unanukia achari. Jani moja la kopo la kati limeinama taratibu upande wangu. Naona linashukuru.