Keki ya Kukiokoa Kitabu Changu

Jumatatu, 4 Machi 2019
Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Tanga, na leo ndipo nimetukanwa rasmi. Alhamisi kamati inachagua kitabu kipya cha kuwafundishia mwaka wa kwanza sera za umma na mazingira. Kipya! Changu kimefundishwa hapa chuoni Groningen, Uholanzi, tangu nusu ya wanakamati hawajazaliwa. Sjoukje, mwalimu wa chumba cha jirani, anasema kimezeeka: sura sita za mifereji na kingo za maji, tabianchi aya moja. Aya yenyewe nzuri sana.

Jumanne, 5 Machi
Nimevisoma vitabu anavyovipendekeza Sjoukje. Kimoja kina picha ya dubu wa barafuni kila sura. Kingine kinachora sera kama duara lenye mishale: tatizo, uamuzi, utekelezaji, tathmini. Nani amewahi kuona serikali ikizunguka hivyo? Nikamwuliza. Akanijibu, "Mzee wangu, chako hawakisomi. Wanakiegemezea kompyuta." Ufedhuli!

Jumatano, 6 Machi
Nimepata njia. Hapa mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayeleta keki, na wote humpongeza, hata wasiompenda. Nani atamkatalia mtu siku yake? Basi kesho nazaliwa. Nimenunua keki ya tufaha.

Alhamisi, 7 Machi
Ilianza vizuri. Mwenyekiti, Bi Aleid, alinibusu mara tatu mashavuni, ndiyo desturi yao, akauliza natimiza miaka mingapi. Nikakohoa. Kitabu changu kikaanza kusifiwa. Kisha Sjoukje akaenda msalani. Msalani! Ndiko inakotundikwa kalenda ya siku za kuzaliwa, mkabala na anayekaa, na sote tumo. Akarudi anatabasamu. "Hongera, Mzee. Na Novemba je, utazaliwa tena au utapumzika?" Wakacheka hadi machozi. Bi Aleid akasema keki haina kosa, akaongeza kipande. Kimepita cha dubu. Changu kimebakizwa sura moja, kwa atakayependa.

Ijumaa, 8 Machi
Dada kapiga simu: nistaafu, nirudi, chumba changu kimepakwa chokaa. Nimemwambia sina nafasi. Juni wanachagua kitabu cha mwaka wa pili. Tayari nimeingia msalani na kalamu, nikaliandika jina la Sjoukje kwenye tarehe ya kikao. Keki ataleta yeye. Atakuwa anakata na kugawa, mimi nazungumza. Atabisha vipi? Imeandikwa! Dada asinisubiri. Sirudi.