Kuhusu Kushushwa kwa Gauni Langu na Mume Wangu Kwenye Ndege ya Asubuhi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria,

Basi, kama nilivyokuwa nakueleza kabla simu haijakatika, gauni halikuwa na kosa lolote. Naendelea kwa barua, maana dada wa mapokezi yenu alisema, "Malalamiko yaandikwe, dada, tena kwa namba."

Mimi ni mke wa fundi saa. Leo ni siku ya tisa ya ndoa, na bado nikiandika neno "mke" nalisoma tena kwa raha. Mama mkwe hakuja harusini kwa sababu alivunjika nyonga. Aliniambia kwenye simu, "Picha sizitaki, mwanangu. Nataka nikuone na gauni lako kwa macho yangu." Ndiyo maana nilipanda ndege yenu nikiwa nimelivaa.

1. Mhudumu wa mlangoni aliniuliza, "Hili ni abiria au ni mzigo?" Mkia wa gauni ni mita mbili na nusu, nimeushona mwenyewe kwa miezi minne. Nilimjibu kwa upole kwamba ni mimi.

2. Niliutandaza kwenye njia ya katikati kwa kuwa hamkuandaa mahali pengine. Abiria waliuruka bila kinyongo, isipokuwa mzee mmoja wa nyuma aliyesema, "Bibi harusi, kunja mto wako tuvuke." Mhudumu akataka mkia uwekwe kwenye kabati la juu, nami nibaki chini yake nikining'inia kama taa.

3. Mume wangu alidharauliwa. Tangu tufunge mikanda alinishika mkono kwa mapenzi makali hadi pete ikaniacha alama. Alifumba macho, jasho linamtiririka, anamtaja mama yake. Siku hizi nani anapenda hivyo? Kisha akamwita mhudumu akamnong'oneza kwa muda mrefu. Nilijua anamsimulia tulivyokutana, siku niliyompelekea saa ya baba iliyosimama. Dada wa watu alimsikiliza kwa huruma kabisa, halafu akaenda kumwita afisa.

4. Afisa mwenye redio kiunoni alisema, "Maharusi, tushuke kidogo tuongee." Tulishuka, mlango ukafungwa, ndege ikaondoka. Leo ni siku ya nne na bado hatujaongea. Nilipomuuliza kosa letu, alimtazama mume wangu, akalitazama gauni, akasema, "Ni gauni, dada." Mume wangu alikuwa amepiga magoti, kwa uchungu nadhani, amelaza paji la uso kwenye lami.

Kwa hiyo naomba njia ya katikati ipanuliwe kwa mita moja katika ndege zenu zote. Naomba pia mhudumu anapoonyesha mikanda na maboya, aonyeshe na namna ya kumpisha bibi harusi. Mwisho, afisa aende mwenyewe kitandani kwa mama mkwe, amweleze. Kila jioni ananipigia kuuliza, "Mmefika wapi sasa?" Nami naliangalia gauni linavyoning'inia mlangoni, namuuliza habari za nyonga.

Nisalimie marubani, dada wa mapokezi, na yule mzee wa nyuma akipita tena kwenu.

Ni mimi niliyeshushwa,
Mke wa fundi saa,
Kiti 14B na sehemu ya njia.

Nyongeza: Nimemsomea mume wangu barua hii kabla ya kufunga bahasha. Nilipofika namba tatu akaniomba nikae. "Mke wangu, sikuwa nasimulia mapenzi. Nilimwambia, dada yangu, nishushe, nitakufa humu. Na huyu mwenye gauni ni wangu, usimwache." Aliwaomba pia wasiniambie, nisije nikamdharau na ndoa haijatimiza hata wiki. Kumbe watu wako walimtunzia siri, lawama wakalibebesha gauni.

Futa namba zote nne, na maombi pia. Lakini, Meneja, mtu anakufa kwa woga na bado anakumbuka kushuka na mkewe. Hilo usilifute.

Mama mkwe tumemweleza. Alicheka hadi nyonga ikamuuma, akasema huyo hata ngazi ya kupakia rangi ilimshinda. Tumekata tiketi za basi, viti vitatu: cha mume wangu, changu na cha mkia. Tutakuwa kitandani kwa mama mkwe kabla mwezi haujaisha.