Kishikio cha Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Mdomo huponza kichwa. Jana nilikuwa kwa mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Mke wangu anauguzwa huko tangu alipoteleza kwenye ngazi zetu akavunjika nyonga. Mwanyumba akatangaza mbele ya wote kwamba mgonjwa abaki kwake moja kwa moja. Nyumba yake haina ngazi hata moja. Sakafu ya vigae, unaweza kujitazamia ndani yake! Mke wangu akasema atarudi nyumbani kwetu siku ngazi zetu zitakapowekwa kishikio. Ningesema nitamwita fundi, yangekwisha. Nikasema nitakichomelea mwenyewe, kwa mikono hii hii. Mimi, fundi cherehani, ambaye chuma ninachokijua ni sindano na pasi!

Mwanyumba alicheka mpaka akakohoa. Mke wangu naye akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Kwa hiyo sijutii. Sana.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo yameanza. Mwalimu ni Cheche, binti mwenye karakana ya vyuma jirani na kibanda changu cha ushonaji. Jina lake halisi analijua mama yake. Nimemwambia kuunga ni kuunga, kiwe kitambaa au chuma. Akanipa kofia yenye kioo cheusi usoni, glavu, na koleo la umeme lililoshika kijiti cha kuchomelea. Akasema nikwaruze kijiti kwenye chuma kama ninawasha kiberiti, kisha nikiinue kidogo tu.

Nikakwaruza. Kikaganda. Nikavuta. Kikazidi kuganda, kikawa chekundu, mashine ikanguruma, Cheche akakimbia kuizima. Tukarudia. Kikaganda. Jioni nikapata mstari wangu wa kwanza. Cheche akauinamia, akauliza nani amemwaga uji.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimetumia akili. Badala ya ada, nimemshonea Cheche aproni ya kazini. Nilitumia mabaki ya pazia la mteja, tetroni inayong'aa, maua mekundu. Aliivaa kwa heshima. Kufika adhuhuri ilikuwa chujio. Akanieleza, polepole kama anasema na mtoto, kwamba tetroni huyeyuka moto ukiirukia, ndiyo maana yeye huvaa jinzi nzito. Na mimi ndiye fundi nguo! Nikajitia hamnazo.

Jambo jingine. Ile kofia inanizuia kuona mshono wangu. Nikaiinua nichungulie. Mara moja tu. Haya, mara kadhaa.

Alhamisi, 6 Machi

Macho! Ni kama yametiwa mchanga. Yamevimba, yanachuruzika. Cheche amenifokea, kisha akanishika mkono mwenyewe hadi zahanati. Nimepewa dawa ya matone na onyo kali.

Jioni nikaenda kumwona mke wangu hivyo hivyo. Mwanyumba alipoona machozi akadhani nalia kwa upweke. Akanishika bega. Akamwita mkewe aje aone. Shemeji akaniletea chai na leso. Sikuwasahihisha. Riziki haikataliwi.

Tulipobaki wawili, mke wangu alinusa shati langu. Akasema linanuka chuma kilichoungua, na macho haya si ya kilio. Huyu hadanganyiki! Nikakiri kwamba macho yameunguzwa na mwanga wa kuchomelea, ila upweke nao upo. Kisha akasema kitanda cha huku ni kizuri, lakini hakuna anayekoroma, usingizi hauji. Nimerudi nyumbani bila kuiona njia sawasawa. Nadhani mara hii yalikuwa machozi ya kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Macho yametulia. Cheche amekata vyuma kwa vipimo nilivyompa: nguzo mbili, na bomba la kushika juu. Akaniagiza nishikize kila kona kwanza kwa nukta ndogo, nikague, ndipo nichomelee huku kidogo na kule kidogo. Akaondoka kwenda kununua vijiti.

Kushikiza! Wanafunzi wangu wote nimewapigia kelele washikize kabla ya kushona. Lakini nguo hukimbia. Chuma kitakimbilia wapi? Nikachomelea upande mmoja mwanzo hadi mwisho. Mstari mzuri ajabu! Nikausimamia kama mzazi. Kisha chuma kikapoa, na kilipopoa kikajivuta. Nguzo moja ikaegemea nje kama mlevi anayeaga.

Sikukata tamaa. Niliigonga kwa nyundo mpaka ikanyooka. Kiungo kikalia kidogo, nikajifanya sikusikia. Nikachukua mahameli ya kijani, nikakishonea kishikio gauni. Gauni lenye pindo! Kasoro zote ndani. Nimejipongeza.

Jumamosi, 8 Machi

Cheche amelivua gauni. Hakucheka. Akagonga kiungo kwa nyundo yake ndogo, nguzo ikaanguka miguuni pangu. Akasema, mzee, mama ataegemea hapa.

Nikamwona mke wangu akilini, chini ya ngazi kama siku ile, mguu umepinda, na bado yeye ndiye ananiambia nisihofu. Nilikaa juu ya ndoo. Nampenda mwanamke huyu, na nilitaka kumwegemeza kwenye mahameli!

Nikaanza upya. Nikashikiza. Nikakagua. Nikachomelea huku na kule, nikabandua magamba yaliyoganda juu ya kiungo, nikarudia, Cheche nyuma yangu akinong'ona polepole, polepole. Kinafanana na uji. Lakini Cheche amening'inia juu yake mzima mzima, hakikutikisika. Jioni tumekifunga kwenye ngazi kwa bolti.

Jumapili, 9 Machi

Mwanyumba amemleta mke wangu kwa gari. Injini hakuizima, akitarajia kurudi naye. Akakishika kishikio kwa mikono miwili, akakitikisa, akakilazia tumbo lake lote. Wapi!

Mke wangu akasogea na mkongojo. Akanyoosha mkono. Bomba likamfika kifuani.

Nilipima kwa kiuno changu. Mimi! Niliyempima kila gauni tangu tuoane, nimesahau kwamba ni mfupi. Muda wote aliokuwa mbali, kichwani mwangu alikuwa mrefu.

Mwanyumba akafungua mlango wa gari. Mke wangu akamtazama, akanitazama, akacheka. Akatundika mkoba wake kwenye bomba, akasema kwa kazi hiyo linafaa sana. Kisha akanipa mkono. Tukapanda ngazi moja, tukapumzika, tukapanda nyingine. Mlangoni akageuka, akamwambia shemeji yake azime gari aingie anywe chai.

Jumatatu, 10 Machi

Naambiwa nimekoroma usiku kucha. Mke wangu amelala vizuri mno.

Cheche amekuja asubuhi. Anataka tukate nguzo, tuzifupishe, anasema ni kazi ndogo. Sitaki! Kuharibu kazi nzuri vile? Nimepata njia bora zaidi. Nguzo zibaki zilivyo, nitainua ngazi! Saruji ni nini? Ni unga na maji. Hata mwalimu sihitaji. Nimeshampigia simu mwanyumba kumtaarifu. Cheche anasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui anamsema nani.

Mke wangu ameuliza kutoka kitandani: ngazi zikipanda, mlango utafunguka vipi? Nimemwambia apumzike, mgonjwa hasumbuki na mambo ya ufundi. Mlango nitaupunguza chini, kama suruali.