Mishale ya Kwenda Lango la Kale

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya ushindi! Au karibu. Mkurugenzi wa makumbusho ametuita sisi wawili tulio kwenye majaribio: mimi na yule kijana ninayemwita Tabasamu, kwa kuwa huchekea kila mtu, hata mashine ya kunakilia. Nafasi ya kudumu ni moja. Kazi yenyewe ni kuandika kijitabu cha kuwaelekeza wageni namna ya kufika Mtaa wa Kale. Jumamosi kila mmoja atachukua wageni watatu kituo kikuu cha mabasi na kuwafikisha Lango la Kale. Tabasamu kwa basi, mimi kwa miguu. Atakayewafikisha vizuri ndiye ataajiriwa.

Mkurugenzi aliniuliza kama naujua mtaa ule. Nikasema naujua nje ndani, hata nikifumba macho nafika.

Ukweli ni kwamba nimeandika tasnifu nzima kuhusu Mtaa wa Kale. Niliiandika maktaba. Najua nani alijenga Lango, aligombana na nani, na alikufa kwa ugonjwa gani. Sijui tu ukitoka kituoni unakata kulia au kushoto. Safari zote nilizokwenda, kaka alinipeleka kwa gari, nami nilikuwa nimeinamia kitabu.

Shangazi, ambaye ndiye anayenilisha, amesema niulize watu. Nimemweleza kwamba mtaalamu haulizi. Akasema basi mtaalamu abebe na shuka, maana atalala njiani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mbinu safi kabisa: kumfuata mgeni. Mtu mwenye kamera shingoni na kofia pana anakwenda wapi kama si Mtaa wa Kale? Nikampata mmoja kituoni, bwana mtu mzima, kofia kama ungo. Nikamfuata kwa heshima, nyuma kidogo. Tukapita benki yenye ngazi za marumaru. Tukapita wauza mitumba. Tukapita benki yenye ngazi za marumaru. Nikaanza kushuku.

Tulipoiona benki kwa mara ya tatu, Bwana Kofia akageuka, akajifuta jasho, akaniuliza kama nakwenda Lango la Kale. Alikuwa ananiona nyuma yake tangu asubuhi, akasema, na kwa jinsi nilivyokaza uso alijua mimi ni mwenyeji. Amekuwa akipunguza mwendo makusudi ili nimpite, anifuate!

Ningesema nini? Nikanyoosha mkono upande mmoja, bila kusita. Akashukuru sana. Akaenda.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimempa kaka sababu ya uongo, akanishusha mlangoni pa Lango. Sasa akili: mnara wa simu wa kituo unaonekana kutoka kila mahali, kwa hiyo kurudi kituoni ni rahisi. Nikarudi kwa miguu, na kila kona nikachora mshale mweupe wa chaki ukutani, ukielekea nilikotoka. Jumamosi nitaifuata tu, macho mbele, mikono nyuma, kama profesa.

Fundi cherehani mmoja alitoa kichwa mlangoni na kuuliza, mwanangu, unatuchorea nini ukutani? Nikamwambia ni kazi ya ofisi, ni mishale ya wageni. Akauliza kama wageni wataifuata kweli. Nikamhakikishia kwamba wageni hufuata mshale popote unapokwenda. Alifurahi kupita kiasi. Watu wa mtaa huu wanapenda maendeleo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Tabasamu alipanda basi la Mtaa wa Kale jana, akapiga soga na kondakta njia nzima. Ameonyeshwa kituo cha kushukia, na sasa amealikwa harusi ya binti wa kondakta. Maskini! Huo ndio utafiti wake. Akaniuliza kama ningependa twende tukaangalie njia pamoja. Upelelezi wa wazi. Nikamwambia nina mambo ya msingi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeandaa hotuba kuhusu ugomvi wa mjenzi wa Lango na shemeji yake. Shangazi ameuliza kama sitakwenda kuikagua njia. Ya nini? Mishale haina miguu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mishale ina miguu.

Kwanza, mgeni wangu wa kwanza: Bwana Kofia. Ni rafiki wa mkurugenzi! Alinikumbuka. Akasema kwa upole kwamba kiwanda cha saruji nilikomwelekeza ni kikubwa kuliko alivyotarajia.

Pili, kuta. Mishale kila kona, ya rangi zote, inapishana kama watu waliogombana. Nikaing'ang'ania myeupe, kwa msimamo. Ikatuingiza kwa fundi cherehani, ambaye alikwisha kupanga viti, kipande cha chaki nyeupe sikioni. Mgeni wa pili, jaji mstaafu, akapimwa kiuno kabla hajapumua. Mshale uliofuata ukatufikisha kwa kinyozi. Uliofuata, kwa muuza masufuria. Wa mwisho ulitushusha ngazi hadi mlango wa choo cha kulipia. Nikasema ngazi hizo zina historia ndefu. Jaji akasema anainusa.

Mwishowe fundi cherehani alituonea huruma, akafunga duka, akatuongoza. Lango lilikuwa nyuma ya duka lake. Tabasamu na watu wake walikuwa kivulini zamani, wanacheka na kondakta. Mkurugenzi hakunigombeza. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia mwavuli uliovunjika.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kazi amepewa Tabasamu. Mimi nimepewa ndoo, brashi, na siku ya leo kufuta mishale yote, kisha niage. Tabasamu alijitolea kunisaidia. Nilikataa. Nina heshima yangu.

Nimefuta toka asubuhi, kona baada ya kona. Nimefuta vizuri mno. Nilipoinua kichwa, hapakuwa na mshale mbele wala nyuma, na ghorofa zimeuficha mnara. Ndipo akatokea mama mmoja na sanduku lake, akaniuliza kama najua Lango la Kale liko wapi.

Najua mjenzi wake. Najua shemeji yake. Nikanyanyua ndoo, nikamwambia anifuate.

Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za benki, zile za marumaru. Mama amekalia sanduku lake. Anasema hii benki kama ameiona tena na tena, na kwa nini tusimuulize yule askari wa mlangoni.

Nimemwambia avute pumzi kidogo, tumekaribia sana. Mtaalamu haulizi.